Kilo za Gunia

Kama umefungua ukurasa huu ukiwa na tumbo kubwa na miguu umeiinua juu ya stuli, kaa hivyo hivyo, usisumbuke. Wewe sikiliza tu, kuongea niachie mimi. Sina udaktari na sitakudanganya kwamba ninao. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kikima, nashona yunifomu za shule na magauni ya harusi, na ninachokijua kuhusu haya mambo ni kile kilichopita ndani ya mwili wangu, tangu mvua ya masika mpaka baridi ya milimani ilipoisha. Wakati ule nilimtafuta mtu wa kuniambia "hata mimi yalinipata" nikamkosa. Basi nakuambia: hata mimi yalinipata.

Nilizaliwa Zombe, kule Kitui kwenye jua la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Muthama, mume wangu, ndiye aliyenileta huku Mbooni kwenye ukungu, kisha yeye mwenyewe akapata kazi kwenye mashamba ya utafiti kule Kiboko, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo niliolewa na mtu mmoja nikaishi na mwingine. Huyo mwingine ni mama yake, Kalondu. Mimi humwita mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba, na siku nyingi huwa namaanisha.

Kabla ya mimba hii kulikuwa na nyingine. Kwetu mama mjamzito akikaribia miezi ya mwisho hupunguziwa chakula. Si kwa ubaya. Mwaitu alifanyiwa hivyo, na mama yake pia: ukila sana mtoto ananenepa tumboni, akinenepa hatapita, asipopita utapasuliwa, na kisu ndicho kila mtu alichokiogopa. Basi mayai yakaondoka kwenye sahani yangu, maziwa yakaondoka, ugali ukawa wa kuonja. Mwaitu alinipakulia mwenyewe, kwa upendo, huku akisifu jinsi tumbo langu lilivyokaa dogo na zuri. Nami nilikubali, maana nilikuwa naogopa kisu kuliko yeye. Nikajifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike, mdogo sana. Alikaa nasi siku mbili.

Baada ya hapo jambo lile lilifunikwa. Hakuna aliyenilaumu, hakuna aliyemlaumu mwaitu, hakuna aliyesema lolote. Mimi nilirudi kwenye cherehani, yeye akarudi shambani, na jioni tulikula tukiongea habari za kuku. Miaka miwili tuliongea habari za kuku.

Mimba ya pili ilinikuta nimekonda. Masika yalikuwa yameanza, njia ya kliniki ni tope tupu, nami natapika hata nikinusa sabuni. Sista wa kliniki alinipandisha kwenye mizani, akaangalia, akanishusha, akanipandisha tena. Kilo arobaini na tisa, na mimi si mfupi. Nikamweleza yote ya yule wa kwanza. Alisema hakuna anayeweza kuniapia ni nini hasa kilichomwondoa mtoto wangu, lakini safari hii tutakula, tena tutakula kwa akili. Akaniomba namba ya simu akaniandikisha kwenye huduma ya meseji za wajawazito. Kila wiki simu itaniuliza kilo zangu, nami nitajibu, na upande wa pili kuna sista wa kusoma majibu na kunishauri. Jina lake Mwikali. Mpaka leo sijamtia machoni, lakini huyo mwanamke amejua habari zangu zote, hata za choo.

Shida ilikuwa mizani. Kliniki ni mbali na nilikuwa naenda mara moja kwa mwezi. Nyumbani hatuna mizani, nani anayo? Lakini cherehani yangu hukaa kwenye veranda ya Mama Halima, mjane kutoka Mwingi anayenunua mahindi, maharagwe na ndengu kutoka kwa wakulima. Mama Halima ni Mwislamu wa kuswali swala tano, Kiswahili chake kimenyooka, na hutucheka sisi kwamba tunakikatakata Kiswahili kama sukuma wiki. Nyuma ya mlango wa stoo yake kuna mizani kubwa ya chini, ile ya kupandisha magunia.

"Inabeba gunia la kilo tisini," akaniambia. "Itashindwa na wewe mwenye mifupa mitupu? Panda."

Sasa nikueleze desturi ya hapa, maana bila hiyo hutanielewa. Mkulima akileta mahindi, gunia likishapanda mizani, mnunuzi hutoa kilo moja. Hiyo ni ya gunia lenyewe, hainunuliwi. Kila mnunuzi hufanya hivyo na kila mkulima anajua, na kelele zote za msimu ni kwamba gunia tupu haliwezi kufika kilo nzima hata uliloweke. Mwaitu amegombana na Mama Halima juu ya kilo hiyo tangu nilipokuwa msichana kwetu.

Siku ile ya kwanza mwaitu alinisindikiza, nikapanda nikiwa na sweta na leso kiunoni. Mama Halima akainama akasoma, "Hamsini na moja," halafu mdomo wake, kwa mazoea, ukaendelea wenyewe, "toa moja ya gunia."

Tulicheka mpaka mwaitu akashika ukuta. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakubaliana na Mama Halima. Kweli, sweta ni zito, leso ni nzito, hayo si mwili. Nikatuma hamsini. Tangu siku ile, kila wiki, gunia likawa linatolewa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona tatizo.

Mwaitu naye alikuwa amegeuka kabisa. Hakuniambia kwa nini, nami sikumwuliza. Asubuhi uji wa maziwa wenye siagi. Saa nne nikiwa kwenye cherehani namwona anapanda mteremko na sufuria imefungwa kwa leso: muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na parachichi zima limekaa juu. Jioni chapati. Chai yenye sukari ya kutosha watu watatu. Nikibakisha kitu anakaa mbele yangu kuangalia ile sahani, haongei, anaangalia tu, mpaka nimalize. Nilijua anamlisha nani. Kwa hiyo nilikula hata taya zilipouma.

Kufikia mwezi wa tano wa mimba kichefuchefu kilikuwa kimekwisha na mimi nilikuwa naumuka kama unga wa mandazi. Nikatumiwa meseji: "Nduku, sasa unaongezeka haraka kuliko tunavyotaka. Punguza sukari na chapati. Usipunguze mayai, maharagwe na mboga. Tembea kila siku."

Nilimsomea mwaitu. Alikuwa anachambua kunde, hakuinua kichwa.

"Hiyo simu imezaa watoto wangapi?"

"Simu haijazaa, mwaitu. Ni sista anaandika."

"Na huyo sista amezaa? Muulize."

Niliona haya lakini nikauliza, maana nyumba ni yake. Jibu likaja: "Nina watatu. Mwambie mama asante kwa kuniuliza, huwa hakuna anayeuliza."

Mwaitu akachambua kunde mpaka zikaisha. "Watatu si wengi," akasema. Lakini chai ya jioni ile niliinywa nikaona tofauti, na chapati zikahamia Jumapili.

Baada ya hapo nikawa karani wa wanawake wawili. "Mwambie leo nimempa yai na kunde, sikuweka siagi." "Muulize maini ni mazuri?" "Mwambie anakataa kutembea." Sista Mwikali naye akajibu yote kwa utaratibu, maini mara moja moja tu, na huyo Nduku atembee. Mwaitu akaanza kunitembeza. Alijitia anamtafuta mbuzi aliyepotea, nami nijitie namsaidia, tunazunguka kilima chote, na mbuzi wetu wote wako zizini wanatutazama. Nakumbuka matembezi yale kwa furaha sana. Ukungu unapanda kutoka bondeni, mwaitu mbele na fimbo, mimi nyuma nahema, na mtoto ndani anapiga mateke.

Mimi kazi yangu ni kupima wanawake kwa tepu, najua kiuno cha nani kimepanuka kabla mume wake hajajua. Lakini mwili wangu mwenyewe ulinishangaza. Nilifumua gauni langu moja mara tatu. Mstari mweusi ukashuka kutoka kitovuni. Tumbo likaanza kugusa meza ya cherehani, na mtoto akawa anaupiga ule ubao teke kila nikianza kukanyaga, hadi wateja wakawa wanangoja kuona. Muthama akija na machungwa yake kutoka Kiboko anaweka sikio, anapigwa teke la sikio, anafurahi mtu mzima. Nilikuwa na hofu, siwezi kukudanganya, kila usiku nilishika tumbo nikiomba Mungu huyu abaki. Lakini kilo zilikuwa zinapanda vizuri, pole pole, na meseji zilikuwa zinasema vizuri, Nduku, endelea hivyo.

Kisha baridi ikaingia. Wewe wa Kibwezi kwenye joto hutaelewa baridi ya Kikima ya mwezi wa nane. Manyunyu kutwa nzima, nguo hazikauki. Nikavaa koti la kazi la Muthama, lile zito lenye bitana ndani, na gambuti za mpira. Mama Halima akaniangalia akasema sasa gunia limekuwa kubwa, akawa anatoa kilo mbili.

Na hapo ndipo nikapendeza. Hilo ndilo neno watu walilotumia. Uso ulijaa ukang'aa, mashavu yakatokeza, mikono ikawa laini. Wateja walinisifu, kanisani walinisifu. Mwaitu alinigusa shavu kwa nyuma ya mkono wake, mara moja, haraka, kama mtu anayepima uji kama umepoa, akaenda zake. Siku hiyo nilimsikia akiimba jikoni. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu tulipompoteza yule mtoto. Alimwomba jirani anipige picha tukamtumia Muthama, naye akajibu, "Siku hizi umekaa kama mke wa mbunge." Ningewezaje kufikiri ni ugonjwa? Maisha yangu yote nimeambiwa afya iko hivyo.

Dalili zilikuwepo, na kila moja nilikuwa na jibu lake. Pete ilinibana nikaivua kwa sabuni: nimenona. Miguu ilifura, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki: ni kukanyaga cherehani. Kichwa kiliuma mbele: ni kutunga uzi na macho haya. Nikiangalia ukuta naona vitu vidogo vinametameta: ni vumbi la mahindi ya Mama Halima.

Wiki iliyofuata nilipanda mizani koti likiwa limelowa. Mama Halima akasoma sitini na tano. Wiki iliyokuwa imepita mizani ilikuwa imesema sitini na mbili.

"Leo gunia limenywa maji," akasema. "Toa nne."

Nikamtumia Sista Mwikali sitini na moja, na kwa vile nilikuwa na furaha nikaongeza utani: "Leo Mama Halima ametoa kilo nne za gunia, anasema limelowa."

Sijaweka simu mezani ikaita. Sista Mwikali hakuwa amewahi kunipigia. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

"Nduku. Gunia gani?"

Nikaanza kumweleza huku nacheka. Hakucheka. Akauliza mizani yenyewe imesema ngapi. Akaniambia vua koti, vua viatu, panda tena, mimi nangoja hapa hapa. Koti lilitoka. Gambuti zilikataa, Mama Halima akapiga goti akazivuta, na mguu ulipotoka nilimwona anaukazia macho. Nikapanda. Sitini na tatu. Wiki iliyopita, bila lile koti na zile gambuti, ningekuwa sitini. Kilo tatu kwa wiki moja.

"Pete yako iko kidoleni?"

"Niliivua."

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo. Mbele hapa."

"Unaona vitu vinametameta machoni?"

Nikaangalia ukuta. Vilikuwepo.

"Nenda hospitali kubwa sasa hivi," akasema. "Usipite nyumbani kuoga, usingoje kesho, usimalize hiyo nguo unayoshona."

Mwaitu alikuwa amesimama pale kwenye ngazi na sufuria yake ya saa nne. Alikuwa amesikia yote. Niliona uso wake unabadilika, nikadhani atakuwa na hofu, kumbe alikuwa na hasira, na chini ya hasira kitu kingine.

"Mara ya kwanza nilimnyima, ikawa makosa," akasema. "Sasa nimempa, ni makosa tena. Nifanye nini mimi? Niambieni basi, nifanye nini?"

Miaka miwili alikuwa amelibeba neno hilo, akalitua pale verandani mbele ya watu waliokuja kuuza maharagwe. Nilitaka kumshika lakini miguu haikuwa na viatu na sakafu ilikuwa imelowa, basi nikasimama tu nikilia kama mtoto. Simu ilikuwa bado iko hewani. Sista Mwikali akaniomba niiweke sauti kubwa, akaongea naye kwa Kikamba, pole pole. Alimwambia huo si unono, ni maji. Alimwambia ni presha ya mimba, humjia aliyeshiba na asiyeshiba, na sufuria ya mtu haiwezi kuileta. Alimwambia, "Mama, umemlisha vizuri, nimesoma kila siku. Sasa mlete, nikikata hii napiga simu huko wawangoje."

Mwaitu akapangusa uso kwa leso, akamkabidhi Mama Halima ile sufuria, akaokota gambuti zangu. Mama Halima akampa mwuza maharagwe ile sufuria, akafunga stoo, akawasha pikapu yake ya kubebea nafaka. Njia nzima Mama Halima alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini na kukwepa mashimo.

Mahali pa kungojea palikuwa na mabenchi ya mbao na akina mama wa kila ukubwa. Kila mtu ana kikopo chake cha mkojo amekificha ndani ya leso kama siri, na wote tunajua. Karibu yangu alikaa dada mmoja mwenye kikapu. Aliona miguu yangu, akasukuma kikapu mbele, akasema, "Weka hapa, ni nguo tu." Sikumwuliza jina. Nimemkumbuka mara nyingi kuliko watu wengi ninaowajua majina. Mwaitu alikaa upande wa pili ameshikilia zile gambuti mapajani, hazitui chini.

Sista akanifunga mashine ya presha mkono wa kulia, akasoma, akahamia wa kushoto. Halafu akasema kwa upole kwamba mimi sitapanga foleni tena. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu hospitali ukirukishwa foleni bila kuomba, ujue.

Siku zilizofuata nazihesabu kwa sindano. Kulikuwa na ile ya kwanza iliyonipita mwilini kwa joto, kuanzia kichwani, hadi nikadhani wamenimwagia maji ya moto. Kulikuwa na zile mbili za kukomaza mapafu ya mtoto. Nililala kwa ubavu wa kushoto, taa zimefifishwa, wananiuliza kila mara kama kichwa kinauma. Tumbo walilifunga mkanda wa kusikiliza moyo wa mtoto, na ule mlio wa haraka haraka ndio ulionishika nisipotee. Ukinyamaza kidogo kwa sababu amegeuka, mimi na mwaitu tunaacha kupumua wote. Muthama alikuwa njiani, amekwama akisubiri ruhusa ya kutoka kazini, anapiga simu hana la kusema, anasema tu, "Niko hapa," wakati hayuko.

Asubuhi moja daktari alisimama mwisho wa kitanda akasema presha imekataa kushuka na mtoto lazima atoke leo, kwa upasuaji. Nilimtazama mwaitu. Huyu ndiye mwanamke aliyeogopa kisu mpaka akaninyima mayai. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki, leso imemwangukia mabegani.

"Wampasue," akasema. "Wampasue sasa hivi, wasingoje mtu."

Nikatia sahihi. Aliniinamia akanitengenezea kofia ya thieta, akaingiza nywele zangu moja moja.

Mtoto alilia. Nakuambia hivyo mapema kwa sababu mimi mwenyewe hakuna kingine nilichokuwa nangojea kusikia pale nyuma ya pazia la kijani. Kilio chembamba, cha hasira, kilichokatika kikaanza tena. Mtoto wa kike. Walipompima walisema kilo mbili kasoro robo, na mwaitu, aliyekuwa amengoja mlangoni, akamwuliza sista kama hiyo ni pamoja na kitambaa au wametoa. Sista akasema, "Bila kitambaa, mama." Mwaitu akaridhika.

Ngoja kwanza nikuombe mambo machache kabla sijamaliza, maana ndiyo sababu nimeandika. Jipime ukiwa na nguo ile ile kila wiki, bila viatu, na utume kile mizani ilichosema, usitoe, usiongeze. Kama kuna mtu upande wa pili wa simu anakuuliza, mwambie hata mambo ya kijinga, hata ya kuchekesha. Mimi niliokolewa na utani. Kula, tena kula vizuri, usikubali kupunguziwa na usikubali kujazwa kama gunia. Lakini uso ukijaa ghafla, pete ikabana, kichwa kikauma, usingoje watu wamalize kukusifu. Na mama mkwe wako akikuletea chakula kingi kuliko unavyoweza, mpende tu. Huenda hana njia nyingine ya kukuambia kitu.

Mtoto alihitaji joto la mwili. Hutolewa nguo, akalazwa kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, akafungwa hapo. Mimi presha yangu ilikuwa bado juu, nilimudu kidogo tu halafu nachoka. Sista akauliza kama kuna mtu mwingine. Mwaitu alisimama akafungua vifungo vya blauzi yake, mbele ya wodi nzima, mama wa kanisa asiyewahi kuonekana hata bila kitambaa kichwani. Wakamfungia mtoto pale. Alikaa wima kwenye kile kiti asubuhi mpaka jioni, akakataa chai asije akamwagia, na mtu akiongea kwa sauti anamkata jicho. Wakati mwingine niliamka nikamwona anamnong'oneza kitu. Nilidhani anaomba.

Siku ya tatu Muthama alikuwa amefika, ana ndevu na kifuko cha machungwa. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu, na tulikuwa bado wodini, basi ikabidi liwe hapo hapo. Halikuwa jambo la mjadala. Binti wa kwanza wa mtu hubeba jina la mama wa baba, wa pili la mama wa mama. Kila mtu anajua.

Muthama akashika kile kichwa kidogo kilichokuwa kimetokeza kwenye blauzi ya mama yake. "Basi karibu, Kalondu," akasema.

"Hapana," mwaitu akasema.

Tukamtazama.

"Kalondu alishazaliwa." Hakutuangalia, alikuwa anamwangalia mtoto. "Alikuja, akakaa siku mbili, akaenda. Hakufika siku ya jina, kwa hiyo nyinyi mlidhani hana. Mimi nilimpa. Nduku ulikuwa umelala, nikamwita sikioni, akafungua macho. Alienda na jina langu, na mimi sirudishi."

Muthama akageukia dirishani. Mimi nilishika ubao wa kitanda, nyuzi za tumbo zinauma kwa kilio.

"Huyu ni wa pili," mwaitu akasema. "Wa pili ni wa mama yako. Mpigie."

Nikapiga Zombe. Mwaitu akaniomba simu, akaiweka sikioni kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mgongo wa mtoto. "Mwende," akamwita mama yangu, "nina jina lako hapa kifuani. Linapumua vizuri."

Sasa Mwende anatambaa, ameshalivuta pindo la kila yunifomu iliyoko verandani. Juzi nilimpeleka chanjo na mwaitu akanisindikiza. Sista mpya wa pale, msichana mdogo, akaniuliza huyu ni mtoto wangu wa ngapi. Nikasema wa pili. Akauliza wa kwanza anaitwaje, na kabla sijafungua mdomo mwaitu akamjibu.